Mama Viti na Muziki Uliogoma Kuisha

Nyinyi mnanichosha. Kila nikiandika neno jazi hapa, mnakuja mbio kule chini kwenye maoni kuandika yale yale. "Huo si muziki, ni kabati la vyombo limeanguka." "Huyo mpiga saksafoni kaumwa na nyuki." Halafu mnachekana wenyewe kwa wenyewe. Nikiwauliza mmeisikia wapi hiyo jazi, mnanijibu: kwenye simu. Kwenye simu! Kispika chenyewe kama punje ya dengu, huku unakaanga vitunguu, mtoto analia, umesikiliza dakika moja na hukumu umeshatoa. Mchuzi nao unauonja kwa kuangalia picha ya sufuria?

Sibishani leo. Leo nawapa mtu mmoja tu, mkaidi kuliko nyinyi wote mkijumlishwa, halafu mtaniambia.

Anaitwa Mama Viti. Jina alilopewa na wazazi analo, ila hata mumewe akimwita kwa hilo lazima aite mara mbili ndipo ageuke. Kazi yake kukodisha viti. Vile vya plastiki vyeupe, vyenye mikono na mgongo wa matundumatundu. Harusi, misiba, mahafali, mikutano ya wafuga kuku: watu wakitaka kukaa pamoja, wanampigia yeye. Nyumbani kwake viti vimepandana mpaka dari. Sebuleni minara, kwenye korido minara, chumba cha wageni minara, na mgeni mwenyewe akija analazwa kwa jirani. Lakini ole wako ukalie hata kimoja. Ni vya kazi hivyo. Mumewe, mtu wa subira zake, anakula kasimama dirishani kama farasi, na ukimuuliza anakwambia inasaidia tumbo.

Sasa, kupanga viti anaweza yeyote. Shughuli ni kuviondoa. Ukisubiri watu wanyanyuke wenyewe umekwisha: watapiga soga mpaka giza, na vingine utavikuta kwa majirani. Ukiwahi nako, umewafukuza wageni wa watu. Kwa hiyo Mama Viti kajifundisha kusikiliza kitu kimoja tu, mwisho. Hotuba hazimhusu. Anakaa nyuma kabisa, taulo la kufutia vumbi begani, anasubiri ile sauti anayoijua yeye. Watu wanashusha pumzi. Migongo inaegemea. Zipu za mikoba zinalia. Mtu anatoa kikohozi alichokibana tangu mwanzo. Hapo hapo, makofi hayajapoa, Mama Viti keshanyanyua kiti cha kwanza na kukitumbukiza juu ya mwenzake. Tak. Cha pili, tak. Watu wakiisikia hiyo tak wanajua, kila mtu kwao.

Kahudhuria harusi nyingi kuliko mshenga yeyote na hajawahi kumsikiliza bwana harusi hata mmoja akiahidi chochote. Muziki ndiyo kabisa. Kwake muziki ulikuwa kitu kinachochelewesha viti.

Na kuchelewa ndiyo kitu ambacho hajawahi kukifanya. Jina lake lote mjini limekaa hapo.

Ndiyo maana ile Jumamosi ilimkalia kooni. Alikuwa na harusi saa kumi, na mwenye harusi hasa hakuwa bi harusi wala bwana harusi. Alikuwa shangazi wa bi harusi, mwanamke ambaye akipiga chafya mtaa mzima unamwombea afya, kwa woga. Shangazi huyo ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama ambacho ndicho kinachompa Mama Viti nusu ya kazi zake. Na alishasema, kidole hewani: "Wageni wangu wakifika wavikute viti. Wakikukuta wewe ndiyo unakuja, mimi na wewe basi. Na kikundi changu chote basi."

Halafu mchana wa siku hiyo hiyo, viti hivyo hivyo vyote, Mama Viti alikuwa kawakodishia wanamuziki. Walimwahidi watamaliza saa nane. Aliwaamini. Yeye hakuwa anawajua wanamuziki.

Mahali penyewe palikuwa karakana ya zamani ya chuo cha ufundi. Mashine zilishahamishwa, zikabaki alama nyeusi za mafuta sakafuni, na juu minyororo ya kunyanyulia injini, imekunjwa na kufungwa kwenye boriti. Madirisha yako juu huko, jua linaingia kwa mapande. Mama Viti na shemeji yake, mdogo wa mumewe anayeendesha lori, walipanga safu zikanyooka kama zimepigwa rula. Tuseme ukweli, alipanga yeye. Shemeji safu zake huenda kama mkojo wa ng'ombe anayetembea.

Mbele palikuwa na dada mmoja mrefu mwenye saksafoni, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Kulikuwa na mzee mwembamba kakumbatia besi ya mbao, kama fidla kubwa, iliyomzidi urefu. Na mpiga ngoma mmoja mnene, uso wa mtu anayekaribia kucheka.

"Dada, mnaanza lini?" Mama Viti kamuuliza wa saksafoni.

"Mpiga tarumbeta akifika, mama."

"Yuko wapi?"

"Anakuja."

"Anakuja ndiyo mtaa gani?"

Mpiga ngoma kaangua kicheko. Dada kakuna kichwa. Mama Viti hakucheka.

"Na saa nane mnamaliza?"

"Tutajitahidi, mama. Ila muziki wetu, kusema kweli, hatujui unaishia wapi mpaka tufike."

"Mimi najua unaishia wapi. Unaishia kwenye lori."

Mpiga ngoma kanyoosha mkono. "Mama, kigoda changu kimevunjika mguu. Naazima kiti chako kimoja."

"Ukinirudishia na ufa, utakalia ngoma."

Mpiga tarumbeta kafika watu wameshajaa, anahema, hana hata samahani. Wakaanza. Yaani Mama Viti hakujua kama wameanza. Mzee kapitisha upinde kwenye nyuzi za besi, ikatoka sauti ya mlango wa stoo. Mpiga ngoma anakwaruza sahani ya shaba kwa kijiti. Saksafoni ikalia kidogo, ikacheka, ikaanza kugombana na tarumbeta.

"Bado wanafunga vyombo?" shemeji kanong'ona kule nyuma mlangoni.

"Nadhani wameshaanza."

"Kuanza nini?"

"Sijui. Labda wanahama nyumba."

Wakacheka mpaka mtu wa safu ya nyuma kawageukia. Shemeji akaona bora akalale kwenye lori. Mama Viti kabaki peke yake, kaegemea ukuta, kufanya kazi yake ile moja: kusikiliza mwisho.

Na hapo ndipo aliponaswa. Maana muziki ule kila dakika ulikuwa unakaribia kuisha. Ngoma zinapungua, besi inabaki peke yake, sauti inakuwa nyembamba kama uzi, Mama Viti anajitoa ukutani, anashika taulo. Halafu tarumbeta inatoa kisauti kimoja cha utundu, na wote wanne wanaondoka mbio upande ambao hukuutegemea. Anarudi ukutani. Tena unapungua, anajitoa. Tena unamkimbia, anarudi. Ulimkera kama mtoto aliyekufichia ufunguo na anakimbia kuzunguka meza. Watu wengine mle ndani, nakwambia, walikuwa wanatikisa vichwa tu kwa adabu. Aliyekuwa anasikiliza kwa meno, kayakaza kabisa, ni mmoja, na hata yeye hakujua kama anasikiliza.

Mwishowe muziki ukanyamaza. Safari hii kweli. Mzee kainua mkono kutoka kwenye nyuzi. Dada kafumba macho. Mpiga ngoma kaweka vijiti mapajani. Ukimya. Mama Viti kasikia migongo inaegemea, pumzi zinashuka. Mtu akakohoa kile kikohozi.

Ndiyo hii.

Kwenye safu ya mwisho kulikuwa na viti vitupu. Kanyanyua cha kwanza kakitumbukiza juu ya cha pili. Tak. Cha tatu, tak. Cha nne, tak. Kashika cha tano, kakiinua, ndipo akaona karakana nzima imegeuka inamtazama.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna zipu iliyolia. Haukuwa mwisho. Ulikuwa katikati ya wimbo, na wao walikuwa wamenyamaza kwa makusudi. Jamani, nani ananyamaza kwa makusudi katikati ya kazi?

Masikio yakamuwaka moto. Kasimama kiti hewani, hawezi kukishusha, kitalia, hawezi kukishika, kizito. Alitamani sakafu ifunguke, imeze mtu na kiti chake.

Kule mbele mpiga ngoma kaokota kijiti. Kapiga ukingo wa ngoma, kule kwenye chuma. Tak. Tak. Tak. Kwa mwendo ule ule wa viti. Halafu akaacha, akamtazama Mama Viti, nyusi juu. Anasubiri.

Kiti kikazidi uzito. Angefanya nini? Kaachia.

TAK!

Mpiga ngoma kajibu kama mtu aliyetekenywa: takataka-tak-tum! Watu wakacheka kwa nguvu. Besi ikaingia kwa chini, ikiutembeza ule mwendo. Dada kafumbua macho, kaona kinachoendelea, kaweka saksafoni mdomoni huku anacheka. Na Mama Viti, mwanamke mwenye akili zake, mwenye mume na harusi saa kumi, kanyanyua kiti kingine. Safari hii kwa makusudi. Kakichelewesha kidogo. Kaona mpiga ngoma kajinyoosha shingo. Bado. Bado. Tak! Wote wanne wakadondoka pamoja naye, tarumbeta ikapasua juu kama jogoo aliyeona mwizi, na Mama Viti kasikia kitu kinampanda kutoka kwenye nyayo hadi utosini. Kapiga kelele. "Eeeh!" Hakujua kama ana sauti hiyo.

Ndiyo hapo alipoelewa. Wale watu hawakuwa wamekosea njia. Hapakuwa na njia. Walikuwa wanaitengeneza wakiwa juu yake, kila mmoja anamsikiliza mwenzake kama yeye anavyosikiliza mwisho, kwa meno, wasijue kitakachokuja. Na chochote kikianguka, hata kiti, wanakidaka.

Huko nje shemeji kaamka, kaangalia saa, kapiga honi ya lori. Pooooo!

Mpiga tarumbeta kainua kichwa. Pooooo, akajibu. Sauti ile ile, pua ile ile.

Shemeji akadhani kuna dereva mwingine anamtania. Kapiga mbili: po-pooo! Tarumbeta ikarudisha mbili na kuongeza ya tatu, ya dharau kabisa. Shemeji kakasirika, kalalia honi. Watu mle ndani wanashikana mabega kwa kucheka. Mwishowe shemeji kaingia mlangoni, macho mekundu.

"Nani huyo mjinga ananipigia honi?"

Watu wakampigia makofi. Kasimama pale mdomo wazi, ndipo akamwona shemeji yake mkubwa katikati ya viti, jasho linamtoka, anacheka peke yake.

"Shemeji, vipi? Una homa?"

"Nyamaza kwanza, sikiliza hapa! Hapa hapa!"

"Nisikilize nini? Saa nane na nusu imepita! Harusi!"

Neno harusi likammwagikia kama maji ya baridi. Mama Viti kaangalia mbele: wanne wale wamezama, hakuna dalili ya kumaliza. Kaangalia mlango: lori, na nyuma ya lori, ng'ambo ya mji, shangazi na kidole chake. Jina lake lote. Nusu ya kazi zake. Kama angesema, "Jamani, muda umekwisha," wangekoma, angebeba viti vyake, na sawa, haki yake. Lakini angeukata muziki. Na kilichokuwa kinamuua ni kwamba hakujua unaelekea wapi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, alikuwa hautaki mwisho uje, na wakati huo huo alitaka kwa roho yake yote kuusikia ukija.

Kaenda kwenye safu ya nyuma, kwa mama mmoja mpana, kamgusa bega.

"Dada yangu, samahani. Naomba kiti."

"Muziki umeisha?"

"Haujaisha. Viti ndiyo vimeisha."

Yule mama kamtazama, kacheka, kasimama. "Chukua, mwaya. Muziki huu wenyewe unanifinya, kukaa siwezi."

Kiti kikaingia juu ya mwenzake, tak, na mpiga ngoma akakidaka. Jirani yake kasimama, tak. Safu nzima ikasimama. Kufika safu ya tatu hakuna aliyengoja kuguswa: watu wanasimama wenyewe, wananyanyua viti vyao juu ya vichwa, wanavipitisha mkono kwa mkono kuelekea mlangoni. Vinapita kwenye mapande ya jua, vyeupe, kama vinaelea. Babu mmoja mwenye fimbo kakataa kusaidiwa, kapitisha chake mwenyewe na kurudia fimbo yake, akaanza kuigonga sakafuni. Na bendi ikawa inavipiga viti: vikienda haraka wanaenda haraka, kiti kikikwama mlangoni besi inakwama nacho, inazunguka hapo hapo mpaka kikwamuke. Shemeji juu ya lori anapokea, anapanga, na mimi nimeambiwa na watu wazima waliokuwepo kwamba mabega yake yalikuwa yanacheza, ingawa yeye anakataa mpaka leo.

Kikabaki kimoja. Alichokalia mpiga ngoma. Mama Viti kamwonyesha kwa kidole. Mpiga ngoma, mikono yote kazini, akatikisa kichwa: hapana, mama, nihurumie.

"Twende basi!" shemeji kaita. "Hicho kimoja kiache!"

Mama Viti kakitazama kile kiti, kawatazama wale wanne. Halafu: "Nenda wewe."

"Mimi peke yangu? Na nani atapanga?"

"Panga wewe."

"Mimi? Safu zangu mwenyewe si unazijua?"

"Nazijua. Nenda, shemeji. Nakuja na hiki."

Shemeji alimwangalia kama mtu aliyeona jiwe linataga yai. Akaondoka. Akapiga honi ya kuaga, na tarumbeta ikamjibu taratibu, kwa heshima.

Mama Viti kabaki kasimama katikati ya watu waliosimama, hana kiti cha kushika, hana kazi. Taulo kalivua begani. Sasa alisikiliza kama nyinyi msivyojua kusikiliza. Alisikia mzee wa besi akimngoja dada, dada akimwachia mzee nafasi kama unavyompisha mtu mlangoni. Alisikia ile tak yake ya kwanza ikirudi, imefichwa ndani ya saksafoni, imevalishwa nguo nyingine, akaitambua kama unavyomtambua mwanao kwenye gwaride. Na mwisho ulipokuja, hakuujua. Yeye! Dada alipuliza sauti moja ndefu, ikawa nyembamba, ikawa pumzi tu, na minyororo ya darini ikasikika inatingishika. Mama Viti alikuwa bado anasubiri wakimbie tena. Watu wakalipuka makofi. Yeye ndiye alikuwa wa mwisho kupiga, na wa mwisho kuacha.

Mpiga ngoma kaleta kiti mwenyewe, shati limemganda mwilini.

"Hakina ufa, mama. Kagua."

Hakukagua. "Lile la kunyamaza," kasema, "mtanyamaza tena lini?"

"Jumamosi nyingine."

Kafika harusini kwa pikipiki, kiti kichwani, mkono mmoja kakishika na mwingine kamshika dereva. Shangazi alikuwa getini, mikono kiunoni. Nyuma yake wageni wamekaa, wote, na safu za shemeji zimejipinda kama nyoka aliyeshiba.

"Mama Viti! Umechelewa!"

"Na viti?"

Shangazi kageuka, kaangalia viti. Vilikuwepo. Vimepinda, ila kabla ya mgeni wa kwanza vilikuwepo. "Umechelewa wewe," kasema kwa shida, kama anameza mfupa. "Viti havikuchelewa. Ila kimepungua kimoja, na mimi mwenye shughuli nimesimama tangu saa kumi."

Mama Viti kashusha kile kiti, kakipangusa kwa taulo, kakiweka mbele yake. "Hiki hapa, mama. Nilikushikia. Kaa taratibu, bado kina moto."

Shangazi kakaa. Akajigeuzageuza. "Kimefanywa nini hiki? Mbona kama kinatikisika?"

"Hakitikisiki. Wewe ndiyo umeanza."

Shangazi akamkazia macho, halafu, kitu ambacho mtaa ule haujawahi kukiona, akacheka. Kikundi hakikuvunja mkataba. Na nyumbani kwa Mama Viti sebuleni kuna viti viwili vimeshushwa kutoka kwenye minara, kimoja cha kwake, kimoja cha mumewe, ambaye sasa anakula amekaa na kulalamika tumbo.

Sasa nyinyi. Jumamosi wanapiga tena pale karakana, mchana, mlango uko wazi. Simu acha nyumbani. Nenda, kaa, nyamaza wanaponyamaza. Na mwanamke mwenye taulo begani akikugusa katikati ya wimbo, usimuulize maswali, tafadhali. Simama umpe kiti.